Tusiahirishe Kuishi Imani Yetu

Somo la mwezi kwa familia na jumuiya ndogo ndogo

Soma kwanza: Mathayo 2:13-23, Yeremia 29:4-7, Mathayo 5:23-24



Wapendwa baba na mama, vijana na watoto wa kigango chetu, na ninyi mliotufikia mwaka 2025 baada ya vita vya Goma na Bukavu, mwezi huu tutafakari jambo moja ambalo linatugusa sisi sote tunaoishi hapa Uganda kama wakimbizi. Jambo hilo ni kungoja.

Katika makazi haya kila mtu anangoja kitu. Mmoja anangoja kuitwa kwenye mahojiano ili aende nchi ya tatu. Mwingine anangoja amani irudi Kivu. Mama anangoja habari za mtoto aliyepotea njiani. Wote tunangoja mvua, tunangoja zamu ya bomba, tunangoja jina lisomwe. Kungoja si dhambi. Hata Kanisa lina majira yake ya kungoja, yaani Majilio.

Hatari inakuja pale tunapoiweka na imani yetu kwenye foleni. Sikilizeni maneno tunayoyasema. “Pombe nitaiacha nikifika Marekani.” “Ndoa tutaifunga kanisani tukirudi nyumbani.” “Watoto watajifunza katekisimu tukipata mahali pa kutulia.” “Yule jirani nitamsamehe Padri akija, nikishaungama.” Haya yote nimeyasikia, na mengine nimeyasema mimi mwenyewe. Miaka inapita. Mtoto tuliyemkimbiza mgongoni leo ameota ndevu, na bado hajapokea Komunyo ya kwanza.

Neno ninalotaka mlishike mwezi huu ni hili: Mungu hangoji tufike ndipo aanze kutulea. Siku ya leo, katika nyumba hii ya udongo na plastiki, ndiyo siku aliyotupa ili tuwe watakatifu.

1. Familia Takatifu pia ilingoja

Mwinjili Mathayo anatueleza kwamba Yosefu aliamka usiku, akamchukua mtoto na mama yake, akakimbilia Misri. Wengi wetu tunaujua usiku wa namna hiyo. Unachukua mtoto, unachukua sufuria, unaacha mlango wazi. Malaika alimwambia Yosefu akae huko mpaka atakapoambiwa tena. Hakumtajia mwezi wala mwaka.

Je, Maria alisema, “Nitamlea huyu mtoto vizuri tukirudi Nazareti”? Hapana. Alimnyonyesha Misri, alimwogesha Misri, alimfundisha kusali kule kule ugenini. Yosefu naye hakuacha kuwa baba mwema kwa sababu alikuwa hana karakana yake. Ndiyo maana Papa Pius XII, katika waraka wake wa mwaka 1952 unaoitwa Exsul Familia, aliiweka Familia Takatifu iliyokimbilia Misri kuwa mfano na msaada wa wakimbizi wote.

Nabii Yeremia naye aliwaandikia barua Waisraeli waliochukuliwa mateka Babeli. Walikuwapo manabii wa uongo waliowaambia kwamba watarudi upesi, hivyo wakae tu wakisubiri. Yeremia aliwaambia wajenge nyumba, wapande bustani na kula mazao yake, waoe na kuzaa watoto, na wauombee amani mji ule waliohamishiwa. Hakuwaambia wasahau Yerusalemu. Aliwaambia wamtumikie Mungu pale walipo, huku wakiitazamia Yerusalemu.

2. Waliokaa karibu miaka mitatu bila padri

Mtu anaweza kusema, “Katekista, Padri wetu anakuja mara moja kwa mwezi, na barabara ikiharibika haji kabisa. Tutakuaje kiroho?” Swali hili ni la haki. Nchi hii inayotupokea inalo jibu lake katika historia yake.

Wamisionari wa kwanza Wakatoliki, Padri Lourdel na Bruda Amans, walifika Buganda Februari 1879. Novemba 1882 wamisionari walilazimika kuondoka, wakaenda kukaa kusini ya Ziwa Viktoria. Walirudi Julai 1885. Kwa karibu miaka mitatu hapakuwa na Misa, hapakuwa na kitubio, hapakuwa na padri wa kumwuliza swali. Na wakristo walioachwa walikuwa wachanga sana. Yosefu Mukasa Balikuddembe, Andrea Kaggwa na Matia Mulumba walikuwa wamebatizwa mwaka uleule wa 1882, miezi michache tu kabla ya mapadri kuondoka.

Walifanya nini? Hawakukaa kungoja. Balikuddembe, aliyekuwa mtumishi katika jumba la Kabaka, aliwakusanya na kuwafundisha vijana waliofanya kazi pale. Kaggwa aliwafundisha watu waliomzunguka. Mulumba, pamoja na Luka Banabakintu, alikusanya wakristo huko Mityana. Mapadri waliporudi waliwakuta wakristo hai, na wengine wengi wakiwa wameshafundishwa na walei hao na wanatamani ubatizo.

Tena, ndugu zangu, angalieni jambo hili. Kaggwa hakuwa Mganda wa kuzaliwa. Alikuwa mtoto wa Bunyoro aliyetekwa na kuletwa Buganda. Mulumba naye alizaliwa Busoga, akatekwa pamoja na mama yake. Walikuwa watu walioondolewa kwao kwa nguvu, kama sisi. Wangeweza kusema, “Hii si nchi yangu, nitatumikia nikirudi kwetu.” Badala yake walikuwa nguzo za Kanisa katika nchi ya ugeni. Mwaka 1886 wote wawili walikufa kwa ajili ya Kristo, na leo tunawaheshimu kati ya wale Mashahidi 22 waliotangazwa watakatifu na Papa Paulo VI tarehe 18 Oktoba 1964.

Tunapokwenda kuhiji Namugongo tarehe 3 Juni huwa tunafikiria moto. Ni vizuri tufikirie pia ile miaka mitatu ya kabla ya moto. Waliweza kusimama siku ya kifo kwa sababu walikuwa wamezoea kusimama kila siku.

3. Kijana wa Goma aliyekuwa kazini

Mfano wa pili unatoka nyumbani kwetu Kongo. Floribert Bwana Chui alikuwa kijana wa Goma aliyesoma sheria. Alikuwa mmoja wa Jumuiya ya Sant'Egidio, na aliwapenda na kuwasaidia watoto wa mitaani. Kazi yake ilikuwa kukagua bidhaa zinazoingia nchini kupitia mpaka. Watu walimtaka aruhusu chakula kilichoharibika kipite, wakampa rushwa, kisha wakamtisha. Alikataa, kwa sababu chakula hicho kingewadhuru wanaokula. Julai 2007 alitekwa na kuuawa. Alikuwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa Mwenyeheri huko Roma.

Bwana Chui hakuwa padri wala mtawa. Hakuulizwa kuhusu imani yake kanisani, aliulizwa kazini, mbele ya shehena ya chakula. Sisi pia tunaulizwa maswali yetu mahali pa namna hiyo. Tangu mwaka 2023 msaada wa chakula umekuwa ukigawiwa kwa makundi, na familia nyingi zimepunguziwa au zimeondolewa. Hapo ndipo majaribu yanaingia: kuandikisha mtu asiyekuwapo, kushika kadi ya marehemu, kuwa mpimaji na kubana kopo, kumchukia jirani aliyebaki kwenye orodha wakati wewe umetolewa. Siwahukumu wenye njaa. Njaa naijua. Lakini kila kilo inayochukuliwa kwa uongo, kuna mjane au yatima ambaye haikumfikia. Basi tumwombe Mwenyeheri Bwana Chui atuombee tulipo kwenye foleni na kwenye mizani.

4. Hatua ishirini

Niwape ushuhuda wangu, ingawa si wa kujivunia. Msimu mmoja mbuzi wa jirani yangu waliingia katika shamba langu wakala mahindi mistari mitatu. Jirani huyu ni wa kabila jingine, na lugha yake si yangu. Nilimwambia maneno mabaya mbele ya watoto wake. Baada ya hapo hatukusalimiana, mwezi wa kwanza, wa pili, mpaka wa nne. Kila Jumapili niliongoza Ibada ya Neno, nikasali Baba Yetu pamoja na wengine, nikirudi nyumbani nikageuza uso nipitapo mlangoni pake. Moyoni nilijituliza: “Padri akija nitaungama, yataisha.”

Usiku mmoja mtoto wake alishikwa na homa kali. Walihitaji mtu mwenye baiskeli. Mimi nilikuwa nayo, imeegemea ukuta. Walipita mbele ya mlango wangu, wakaenda kugonga kwa mtu wa mbali, upande wa pili wa bonde. Namshukuru Mungu mtoto alifika kwenye zahanati na akapona. Lakini asubuhi nilipoambiwa, nilikosa pa kutazama. Mimi ndiye katekista, na watu wenye shida walikuwa wameona mlango wangu si wa kugongwa.

Padri alipokuja nilimweleza. Aliniuliza, “Baba Katekista, kutoka mlango wako mpaka wa jirani yako ni hatua ngapi?”

Nikajibu, “Kama ishirini hivi, Padri.”

Akasema, “Mimi nimesafiri siku nzima kwa pikipiki. Wewe ulikuwa unangoja mimi nifike ndipo utembee hatua ishirini?”

Nilikwenda jioni ile. Tulikaa kimya kwanza, kisha mama wa nyumba akaniletea kiti. Mahindi hatukuyataja. Nilimwomba msamaha kwa maneno niliyosema mbele ya watoto wake, naye akaniomba msamaha kwa mbuzi. Bwana Yesu anatufundisha tuache sadaka yetu mbele ya altare tukapatane kwanza na ndugu. Hakusema tungoje mpaka padri afike.

5. Siku moja ya Mkristo hapa makazini

Sasa tuone namna ya kuanza. Mambo haya si makubwa, na hayahitaji fedha.

*Asubuhi.* Kabla ya kuchukua bidoni, fanya ishara ya msalaba na umtolee Mungu siku yako kwa maneno mafupi: kazi, uchovu, hata kungoja kwenyewe. Siku iliyotolewa kwa Mungu ni sala, hata kama mikono iko kwenye jembe.

*Bombani na kwenye foleni.* Hapa ndipo ugomvi unazaliwa. Jiwekee azimio la kutoruka zamu, kumpisha mama mjamzito na mzee, na kutobeba maneno kutoka mlango mmoja hadi mwingine. Ukiwa umesimama tu, sali fumbo moja la rozari. Kama rozari imepotea njiani, vidole kumi unavyo.

*Jioni.* Familia isali pamoja kabla watoto hawajalala, hata dakika kumi tu. Baba asiseme hiyo ni kazi ya mama. Mtoto mmoja asome Injili ya siku, mwingine ataje jina la mtu wa kuombewa. Tuwaombee waliobaki nyumbani, marehemu wetu ambao hatukuwazika, na hata waliotufukuza. Sala hii ya mwisho ni ngumu. Anza kwa kumwambia Mungu kwamba huiwezi, akusaidie.

*Kabla ya kulala.* Tafiti dhamiri yako kwa maswali matatu: Leo Mungu amenipa nini? Leo nimemkosea nani? Kesho nitarekebisha nini?

*Jumapili bila Padri.* Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1248, inawahimiza sana waamini wasioweza kupata Misa washiriki Ibada ya Neno pale inapofanyika, au wasali kwa muda wa kutosha, mtu peke yake, katika familia au katika kikundi cha familia. Kwa hiyo mtu asiseme, “Hakuna Padri, naenda sokoni.” Na wakati usioweza kupokea Ekaristi, fanya Komunyo ya tamaa: mwambie Yesu kwa moyo kwamba unampenda, na kwamba unatamani kumpokea.

*Ukianguka katika dhambi.* Usikae gizani mpaka Padri aje. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inafundisha kwamba majuto kamili, yaani kuchukia dhambi kwa sababu ya kumpenda Mungu, yanaleta ondoleo hata la dhambi za mauti, kama una nia thabiti ya kwenda kuungama mara nafasi ikipatikana. Kwa hiyo majuto ni ya leo, na kitubio ni nafasi ya kwanza itakayopatikana. Vyote viwili ni lazima.

*Mtoto akiwa katika hatari ya kufa.* Mtu yeyote mwenye nia ya kutenda linalotendwa na Kanisa anaweza kumbatiza. Ammiminie maji kichwani, akimtaja jina na kusema kwamba anambatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Mwezi Mei 1886, usiku wa mwisho kabla ya kuhukumiwa, Karoli Lwanga, ambaye alikuwa mlei kama sisi, aliwabatiza hivyo kijana Kizito na wenzake wachache. Baadaye mjulishe katekista ili jina liandikwe.

*Kama cheti cha ubatizo kimepotea.* Wengi wanakwepa ndoa na sakramenti nyingine kwa sababu vyeti vilibaki katika nyumba iliyoungua. Msiogope. Kanuni ya 876 inasema kwamba, pale ambapo hakuna mtu atakayedhurika, ushahidi wa mtu mmoja mwaminifu unatosha kuthibitisha ubatizo, au kiapo cha mbatizwa mwenyewe kama alibatizwa akiwa mtu mzima. Mwambieni katekista, mtaje msimamizi wenu au yeyote aliyekuwapo siku ile, naye Padri atawaongoza. Wazazi wanaoishi pamoja miaka mingi bila ndoa, hili ni lenu kwanza.

6. Je, tusitamani kurudi nyumbani?

La, sisemi hivyo. Tamaa ya kurudi ni njema. Waisraeli walilia wakikumbuka Sayuni, na Mungu hakuwakemea kwa machozi yao. Anayejaza karatasi za safari aendelee kuzijaza, na anayefuatilia habari za Kivu redioni aendelee. Lakini fikiria siku utakayofika. Kama ni Bukavu, kama ni Uvira, kama ni Ulaya au Amerika, atakayeshuka garini ni mtu uleule aliyeishi hapa. Ndege haibadilishi moyo. Aliyezoea kugombana bombani atagombana na kule. Aliyezoea kusali na watoto wake kwenye mkeka atasali nao na kule. Kwa hiyo kila siku tunafunga mzigo tutakaosafiri nao, tupende tusipende.

Na wako kati yetu watakaofia hapa. Tumewazika wazee wengi pale mlimani waliokuwa wakisema kila mwaka, “Mwakani tunarudi.” Hawakurudi Kongo. Lakini yule mzee aliyewafundisha watoto wetu Baba Yetu chini ya mwembe hakupoteza miaka yake. Hiyo ndiyo saa ambayo Bwana alimkuta akiwa kazini.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Ni jambo gani la imani ambalo familia yetu imeliahirisha tangu tulipofika hapa? Kwa nini?
2. Kaggwa na Mulumba walikuwa wageni, lakini waliwafundisha wengine. Katika jumuiya yetu nani anaweza kuwafundisha watoto sala, hata kama hajui kusoma?
3. Familia yetu ikipatwa na shida usiku, ni mlango gani ambao hatuwezi kuugonga? Na ni nani asiyeweza kugonga mlango wetu?

Azimio la mwezi

Kila familia ichague jambo moja tu kati ya yaliyotajwa katika sehemu ya 5, ianze leo jioni, na ilitunze mpaka mwisho wa mwezi. Anayegombana na jirani asichague jingine, lake linajulikana. Katika mkutano wa mwisho wa mwezi tutaulizana bila kuaibishana.

Tusali

Ee Yesu, uliyebebwa usiku kwenda ugenini, wewe unajua njia tuliyopita. Tusaidie tusiiweke mbali siku ya kukupenda. Utubariki katika kungoja kwetu, utupe mkate wa leo na moyo wa kuugawa. Wakumbuke waliobaki na waliopotea. Utufanye milango inayogongeka. Watakatifu Mashahidi wa Uganda, mtuombee. Mwenyeheri Floribert, utuombee. Amina.

Nawatakia wote mwezi mwema katika Bwana. Tuonane Jumapili, Padri awepo au asiwepo.